Digna na Mama wa Visanduku

Digna binti Marselino alizaliwa Mbingu, kwenye barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, na tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kufanya jambo lile lile mara mbili kulimuuma roho. Ilipofika zamu ya watoto kuamia ndege kwenye mpunga, wadogo zake walikimbia huku na huko kwenye tope wakipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikakauka. Digna alitundika makopo matupu kila upande wa shamba, akayaunganisha kwa kamba, kamba zote akazikusanya kuwa moja, na ile moja akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Kisha akapanda juu ya dungu, akajilaza chali akitafuna muwa. Ndege wakitua, yeye anatikisa mguu tu, shamba zima linavuma kwa makopo. Mama yake alimwita mvivu wa kutupwa. Baba yake, ambaye naye hakuwa mtu wa kujichosha ovyo, alisema aachwe, maana upande wake ndio uliobaki na mpunga.

Mtoto wa namna hii, ukimpeleka shule, ama atakuwa mwizi ama fundi wa kompyuta. Namshukuru Mungu kwa niaba ya ukoo wao kwamba alifuata njia ya pili. Alisoma kwa masista, akaenda Dar es Salaam kwa kozi, akafaulu, na wenzake walipobaki mjini kugombea ofisi zenye viyoyozi, yeye akarudi Ifakara. Kulikuwa na mradi mmoja wa utafiti wa malaria uliopanga nyumba pale Mlabani, wenye kompyuta nne, jenereta moja yenye kisirani, na hakuna mtu wa kuzifanya hizo kompyuta zielewane na watu.

Majirani walidhani kazi ya Digna ni kupiga taipu. Hapana. Yeye ndiye aliyetengeneza yale madirisha ya kwenye kioo ambamo makarani huingiza majibu yanayoletwa kutoka vijijini. Ukifungua dirisha la kaya ya Namawala, kwa mfano, unakuta visanduku: hiki cha umri, hiki cha joto la mwili, hiki cha idadi ya vyandarua. Programu aliyotumia ilikuja na visanduku vyake tayari, ila vilikuwa vipole kupita kiasi, vinapokea chochote ukivipa. Siku za mwanzo mtoto mchanga mmoja aliandikwa ana joto la nyuzi mia tatu na sabini, na kisanduku kikakubali bila kushtuka. Ndipo Digna akaanza kuunda vya kwake mwenyewe. Cha umri kilimkataa mtu wa miaka mia mbili. Cha joto kiligeuka chekundu mgonjwa akiwa na homa. Cha vyandarua kilichora vyandarua vidogo vidogo kwa idadi uliyotaja, na makarani walikipenda hicho mpaka wakawa wanaziongezea kaya vyandarua ili tu kuviona.

Tatizo lilikuwa moja, na wote wanaofanya kazi ile wanalijua. Kabla kisanduku hakijafanya jambo lake, lazima ukifundishe kila kitu tangu mwanzo: jichore, chora ukingo wako, ujue umeguswa, geuka njano karani akiingia, pokea herufi, liambie dirisha kwamba umebadilika, kumbuka ulichoambiwa. Kurasa nzima za mistari hiyo, kisha chini kabisa, mistari minne mitano inayosema kisanduku hiki ni cha nini hasa. Ni kama kila unapotaka kumwomba jirani chumvi ulazimike kwanza kujitaja jina, la baba, la babu, kijiji, kata na tarafa, ndipo useme chumvi. Digna alikuwa ananakili mistari ile kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, na kunakili kuna laana zake. Kisanduku cha umri wa mkuu wa kaya, alichokinakili kutoka kile cha uzito wa mtoto mchanga, kilikataa wazee wote wa Namawala kwa sababu wamezidi kilo sita.

Utauliza, mtu aliyekuwa anasinyaa kwa kufagia uwanja leo na kesho, aliwezaje kuvumilia hayo miaka miwili? Kwanza visanduku vilianza vichache, vikazaana taratibu. Pili, alikuwa amependa, na aliyependa havumilii tu, hata haoni. Mpenzi mwenyewe alikuwa Faustino, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, kijana mrefu mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi saa zote, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Digna alikuwa ananakili mistari huku akili iko mashineni.

Ikafika Novemba ya mwaka 1998, na mambo yakaiva. Mshenga alikwisha kufika Mbingu na kurudi na jibu jema. Wazee wa Faustino wangetoka Mahenge, wavuke mto, na Jumamosi wawe nyumbani kwa mzee Marselino na vitu vyao. Mzee Marselino alitoa sharti moja tu: iwe Jumamosi hiyo, ama isubiri mpaka mpunga uingie ghalani mwakani. Mvua zilikuwa zimekaribia, na zikishaanza kila mtu anafunga virago kwenda kuishi shamba, huyu mashariki yule magharibi, na hakuna mwenye nafasi ya kukaa kikao. Na kwa desturi ya ukoo wao, binti haposwi akiwa hayupo. Anaitwa mbele ya watu, anaulizwa mwenyewe, anajibu kwa mdomo wake. Asipokuwepo, wageni wanakula wali, wanashukuru, na wanarudi na vitu vyao.

Jumatano ya wiki ile ile akaingia Bwanaheri ofisini na sura ya msiba. Bwanaheri ndiye aliyekuwa mkuu wa kompyuta, mtu mzima mwenye asili ya Bagamoyo, mpole, mnywaji mkubwa wa kahawa. Alisema watafiti wamegundua jambo zito. Waligundua kwamba watu wa bonde hili wana nyumba mbili, moja kijijini na moja shambani, na wakati wa kilimo wanahamia ile ya pili. Angeulizwa mtoto yeyote wa Namawala angewaambia bure, lakini elimu ina njia zake. Mbu anayekuuma kijijini si yule anayekuuma shambani, kwa hiyo sasa kila jibu lilipaswa kuonyesha limetolewa wapi. Kila kisanduku kiwekewe kitufe kidogo pembeni cha kuchagua kijijini au shambani. Na timu zilikuwa zinaanza Jumatatu.

Digna akapiga hesabu na moyo ukashuka. Visanduku vilikuwa thelathini na kitu. Kukifungua kimoja, kuingiza mistari ya kitufe, kukijaribu, kutibu laana za kunakili, halafu kingine, ingemchukua mpaka mwisho wa wiki ifuatayo. Alimweleza Bwanaheri habari za Jumamosi, bila kuficha, na macho yakiwa yamelowa. Bwanaheri alisikitika kweli. Hata hivyo si yeye aliyeipanga Jumatatu.

“Vikiwa tayari na makarani wakavijaribu Ijumaa, nenda na baraka zangu,” alisema. “Visipokuwa tayari, mwanangu, sina pa kukufichia.”

Digna akatoka nje akaketi nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji. Alilia kidogo. Kisha kilio kikageuka hasira, na hasira haikumwendea Bwanaheri wala watafiti, iliiendea ile mistari. Visanduku thelathini na kitu, vyote vina adabu zile zile, na kila kimoja kinafundishwa peke yake kana kwamba ni yatima. Lugha ya programu aliyokuwa anatumia iliruhusu kisanduku kizaliwe na kisanduku kingine, kirithi kila alichonacho mzazi wake. Hilo alilisoma kwenye kozi, akalifanyia mtihani, akafaulu, na akaliacha huko huko kwenye mtihani, kama tunavyofanya wengi wetu. Sasa likamrudia pale tangini. Angetengeneza mama mmoja. Mama ajue kujichora, kupokea herufi, kugeuka njano, na hicho kitufe kipya awe nacho yeye. Watoto wangezaliwa wanajua yote hayo, na kila mmoja angesema tu lile linalomtofautisha na nduguze.

Alipomweleza Bwanaheri kwamba anataka kuvifuta visanduku vyote na kuanza upya, mzee wa watu aliweka kikombe chini. Vile vya zamani angalau vilikuwa vinafanya kazi. Alisema hajawahi kuona mtu anayebomoa nyumba yake wageni wakiwa njiani.

“Nikivishika kimoja kimoja, mzee, Jumamosi itanikuta kwenye kiti hiki,” Digna akamjibu. “Nikimpata mama, watoto watakuja wenyewe.”

Siku iliyobaki na Alhamisi asubuhi aliitumia kwa huyo mama. Alipomaliza alimwita kwenye kioo, na alikuwa kisanduku kitupu, chenye ukingo na kitufe chake, hakina kazi yoyote duniani ila kuwa na adabu. Bwanaheri alikitazama akaguna. Digna akashusha pumzi, akaanza kumzaa wa kwanza, yule wa umri. Akaandika mistari minne. Alitafuta cha kuongeza, hakukiona. Akajaribu. Kisanduku kikatokea kimekamilika, kikageuka njano alipokiingia, kikamwonyesha kitufe cha kijijini na shambani, na alipokidanganya kwamba ana miaka mia mbili kikamkatalia katakata.

Hakuamini. Alidhani amefungua cha zamani kwa makosa. Akazaa wa joto: mistari mitano. Wa vyandarua alikuwa mrefu kidogo kwa sababu ya ile michoro, lakini naye alikaa kwenye kioo kimoja bila kusogezwa. Wa nne alipotoka salama, kicheko kilimwanzia tumboni kikapanda. Wa tano akakizidisha. Kufika jua la mchana Digna alikuwa anazaa kama sungura na kucheka kama mtu anayetekenywa, na alipomaliza wa kaya nzima alisimama akacheza sangula, ngoma ya kwao, katikati ya meza, mabega na kiuno na yote, akijipigia makofi mwenyewe. Kadija, mama wa chai, aliingia na chupa yake, akauliza kwa heshima kama mishahara imetoka.

Halafu akagundua utamu wenyewe. Alimfungua mama, akabadilisha neno moja, njano ikawa kijani, na watoto wote popote walipo wakageuka kijani kwa pamoja. Akawafanya waridi. Akawafanya zambarau. Bwanaheri alisimama nyuma ya kiti chake, kisha akaomba, kwa sauti ya mtu anayeomba kuonja mboga jikoni, kama naye anaweza kujaribu. Alikalia kile kiti mpaka kahawa yake ikapoa, ananenepesha kingo na kuzikondesha, anacheka peke yake. Kama watafiti wangeingia saa ile wangedhani malaria imepanda kichwani kwa wote wawili.

Furaha ikizidi ina jicho moja bovu. Digna alikuwa sasa anapita kwenye visanduku vya zamani, kabla ya kuvifuta, kama mtu anayefagia, kila mstari unaoonekana kujirudia anaukusanya anamtupia mama. Kati ya hiyo aliyomtupia, mmoja haukuwa wa kutupwa huko.

Mstari wenyewe ulikuwa na historia. Karani mkuu wa mradi alikuwa Mwalimu Evaristo, mwalimu mstaafu aliyewachapa nusu ya watu wazima wa Ifakara. Siku ya kwanza alipoketi mbele ya kompyuta na kioo kikamwandikia “Ingiza umri”, alivua miwani na kukataa kazi. Alisema kitu kilichozaliwa juzi hakiwezi kumwamrisha hata salamu hakijatoa. Haikuwa kiburi, ndivyo alivyolelewa, na Digna naye alilelewa hivyo hivyo. Alimtengenezea salamu: kila dirisha likifunguka, kisanduku cha juu kabisa kinaandika “Shikamoo”, Mwalimu anabonyeza “Marahaba”, kazi inaanza kwa amani. Na kwa kuwa madirisha yalikuwa mengi, mstari ule ulijirudia mara nyingi. Kwa hiyo aliukuta, akaufagia, akampa mama.

Ijumaa asubuhi makarani wakakaa kujaribu. Alikuwepo Mwalimu Evaristo, na alikuwepo Aurelia, dada mmoja mchangamfu aliyemzidi Digna miaka michache na asiyependa kukumbushwa. Digna alikuwa amekwisha funga begi lake, limekaa mlangoni. Lori la mbao lililokuwa linarudi tupu upande wa Mlimba lingepita mchana, na dereva alikubali kumpakia. Kama angelikosa, kufika Mbingu kesho yake ingekuwa bahati nasibu.

Mwalimu alifungua dirisha. Kisanduku cha kwanza kikamwamkia, akaitikia. Akaandika jina la kaya, akasogea cha pili. Kikamwamkia. Akaitikia. Cha tatu nacho shikamoo, cha nne shikamoo. Mtu mwingine angeuliza kulikoni. Mwalimu Evaristo hakuwa mtu wa kuacha shikamoo ya mtoto bila marahaba, na jinsi zilivyozidi ndivyo uso wake ulivyong'aa. Alikuwa anaitikia kwa kidole na kwa mdomo, taratibu, kila moja kwa uzito wake. Chai ilipoletwa alikuwa hajamaliza kaya ya pili.

Upande wa pili Aurelia, aliyekuwa amezoea kuivumilia ile shikamoo moja ya Mwalimu, aliamkiwa na kisanduku cha umri. Akaamkiwa na cha joto. Alipoamkiwa na cha vyandarua alisukuma kiti nyuma, akataka kujua ni nani ofisini humu aliyeiambia mashine kwamba yeye ni bibi kizee.

Bwanaheri akatazama saa ya ukutani, kisha begi mlangoni, kisha Digna. Damu ilimwishia usoni msichana wa watu. Visanduku thelathini na kitu, vyote vinaamkia kama darasa la kwanza mkaguzi akiingia. Kwa mazoea ya miaka miwili mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda kufungua cha kwanza ili akitibu, halafu cha pili, halafu cha tatu. Ukasimama hewani. Akakumbuka kwamba wana mama. Akamfungua, akaufuta ule mstari mmoja, na visanduku vyote vikanyamaza kabla Mwalimu hajamaliza kumeza chai yake.

Furaha ya Bwanaheri haikudumu. Mwalimu Evaristo alipita kwenye dirisha zima mpaka chini, kisha akavua miwani. Wote wanaoijua dalili hiyo wakashikilia pumzi, maana bila yeye kusema imefaa, jaribio halikuwa jaribio.

“Asubuhi walikuwa na adabu wote, sasa hana hata mmoja,” alisema. “Umewaleaje hawa, binti yangu?”

Digna alipiga magoti karibu na kiti chake, si kwa kuigiza, ndivyo alivyozoea kuongea naye. “Kile cha kwanza ndicho kifungua mimba wao, Mwalimu. Naomba kiamkie kwa niaba ya wadogo zake.”

Mwalimu akafikiri. Alikiri kwamba kwake, watoto wakiwa saba, kila mmoja alikuja kuamkia kwa zamu yake, na kwa sababu hiyo yeye mwenyewe alichelewa shuleni kila siku huku akiwachapa wachelewaji. Akasema kifungua mimba anatosha. Digna aliandika mistari ya huyo mtoto mmoja, na kwa kuwa alikuwa ameketi tayari akamfundisha pia kutazama, kwa jina analoandika karani akianza kazi, aliyekalia kiti ni nani, ili Aurelia asalimiwe “Habari za asubuhi, dada”. Aurelia alisogeza kiti chake mbele tena. Mwalimu akaingiza kaya nzima kutoka juu mpaka chini, akavaa miwani vizuri, akasema imefaa. Honi ya lori ilikuwa inalia barabarani. Bwanaheri ndiye aliyebeba begi akikimbia nalo, kanzu ya Ijumaa ameikusanya mkono mmoja, na akalitupa juu ya lori kwa nguvu ambazo hakujua kama anazo.

Njiani Digna aliimba. Alisimama nyuma ya kichwa cha lori, upepo mdomoni, akiimba nyimbo za kwaya na zisizo za kwaya, na kila walipompita mtu mwenye jembe akimpungia mkono kama anamfahamu. Alifika Mbingu jioni amejaa vumbi kichwa hadi miguu, na mama yake akamwogesha kwa mikono yake kama mtoto.

Jumamosi wageni wakaja, wazee wanne wa Mahenge na mshenga wao, na Faustino nyuma yao ndani ya koti la kuazima, ametazama viatu. Wanawake walimficha Digna jikoni. Huko ndiko mama yake alikomshika sikio, maana anamjua aliyemzaa. Alimwambia kwamba ataulizwa mara tatu, neno lile lile, na kati ya swali na swali wazee watanyamaza, ili isije ikasemwa baadaye kuwa aliitikia kwa woga. Akamsihi asijibu “nimeshasema”. Asiwatie aibu.

Shangazi Paulina akamshika mkono akamwingiza, amefunikwa kitenge kipya. Sebule ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Baba yake mdogo Wendelin, msemaji wa ukoo, alikohoa, akaviashiria vitu vya wageni pale mkekani, akauliza: “Digna, watu hawa unawafahamu? Tupokee walichokileta?”

“Nawafahamu, baba. Pokeeni,” Digna akasema, kwa sauti ndogo inayotakiwa.

Kimya. Kuku alipita mlangoni. Baba mdogo akauliza tena, neno kwa neno, na Digna akajibu tena, neno kwa neno, ila safari hii sauti ilimponyoka ikawa kubwa kidogo, na mzee mmoja wa Mahenge akainua kichwa. Mama yake pale mlango wa jikoni alifumba macho akisubiri balaa.

Akaulizwa mara ya tatu. “Nawafahamu, baba, pokeeni,” akasema, akiwa amekwisha funua kitenge usoni, meno yote nje, na Faustino akaacha kutazama viatu. Vigelegele vikaanza uani. Baba mdogo alinyoosha mkono kuvinyamazisha, akatangaza kwamba desturi imetimia, binti ameulizwa mara tatu na amejibu, sasa anaweza kurudi jikoni.

Digna hakuondoka. Alibaki amepiga magoti pale pale kwenye mkeka, na akawaambia wazee, kwa heshima zote, kwamba kama hawana haraka wanaweza kumwuliza tena.